Mama Becky na Maneno ya Mwisho ya Mbithi

Barua ya korti ilimkuta Lornah Namalwa na pini nne mdomoni. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mama mmoja wa kwaya, akimkunjia pindo la joho, pale kwenye kibanda chake cha ushoni kule Ngara. Hakuweza kusema neno mpaka alipozitemea pini zote kiganjani. Waliomjua walisema hiyo ndiyo iliyokuwa ajabu ya kwanza ya siku ile: Mama Becky kupewa habari, akanyamaza.

Kwa kawaida habari zilimpata yeye kwanza, kisha ndipo zikaenea. Alikuwa ametoka pande za Bungoma mwaka wa themanini na moja, bibi harusi mwenye cherehani moja na masanduku mawili, akamfuata mumewe Nashon aliyekuwa karani wa stoo jijini. Wakapanga nyumba ndogo nyuma ya maduka ya Adams Arcade, wakamlea Becky humo mpaka akaolewa. Miaka ishirini na minne ya kushona sare za shule na majoho ya kanisa ilimfundisha Lornah kwamba mtu akipimwa kiuno hawezi kutunza siri. Wateja walimwambia mambo yao, naye akawaambia wengine, bila nia mbaya, kama vile mtu anavyogawa njugu.

Mara moja tu kugawa huko kulimtia aibu. Jirani yake Virginia, muuza vitambaa, alifunga duka siku tatu bila kuaga. Mteja akauliza, Lornah akajibu, "Labda anaumwa." Hilo tu. Kufikia Ijumaa, Virginia alikuwa amelazwa. Jumamosi asubuhi alikuwa amefariki, na Jumapili kina mama wa kanisa walimwombea roho yake. Jumatatu Virginia akarudi kutoka harusini Nyeri, amenenepa, akakuta shada la maua limening'inizwa kwenye kufuli la duka lake. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini Lornah hakumtazama usoni kwa wiki nzima.

Basi barua yenyewe. Ilisema kwamba yeye, Lornah Namalwa, ameteuliwa kuwa mzee wa baraza katika kesi ya mauaji itakayosikizwa Mahakama Kuu. Mwaka huo wa 2005 sheria bado ilitaka raia watatu wakae na jaji katika kesi za mauaji, wasikilize kila kitu, na mwishowe kila mmoja aseme maoni yake. Jaji hakufungwa na maoni hayo, lakini ilimbidi ayasikilize.

"Mzee wa baraza!" Nashon alicheka jioni ile mpaka chai ikamwingia puani. "Wewe? Nikununulie bakora na kofia?"

"Ninunulie viatu," Lornah alisema. "Hivi vyangu vinapiga kelele. Nitaingiaje mbele ya jaji navyo?"

Viatu vikanunuliwa. Jumatatu alifunga kibanda, akashuka kwa miguu hadi katikati ya jiji, akaingia katika lile jengo la mawe ambalo maisha yake yote alikuwa akilipita kwa nje tu. Humo aliwakuta wenzake wawili. Mmoja alikuwa Mbuthia, mzee wa Dagoretti mwenye nyumba za kupangisha, amevaa suti ya kijivu na tai, mgongo umenyooka kama rula. Wa pili alikuwa Oyoo, fundi wa friji, mtu mnene wa kutabasamu, aliyeomba radhi kwa kila kitu, hata kwa kukaa.

Jaji alikuwa mama mwenye miwani na sauti ya chini. Alipowaapisha, aliwaambia jambo moja waziwazi: kesi ikiendelea, wasiizungumze na mtu yeyote nje ya chumba hiki. Si mume, si mke, si jirani, si mchungaji.

Lornah alihisi kama mtu aliyeambiwa asipumue.

Mshtakiwa aliitwa Kilonzo. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, amekonda kwa kukaa rumande miezi kumi na moja. Kazi yake ilikuwa ulinzi, akikaa kwenye geti la nyumba moja Muthangari. Marehemu, Mbithi, alikuwa mtunza bustani wa nyumba iliyofuata. Wote wawili walitoka kijiji kimoja pande za Mwingi. Jioni moja, saa moja kasoro, mtu alimpiga Mbithi kichwani akiwa bustanini. Akakutwa amelala kando ya ua wa michongoma, na akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Baiskeli na mtungi wa gesi vya nyumba hiyo havikuonekana tena. Polisi walimkamata Kilonzo kwa mambo mawili. Kwanza, wiki mbili kabla, yeye na Mbithi waligombana kwa sauti kuhusu mpira wa kumwagilia maji bustanini. Pili, jioni hiyo hakuwa getini kwake.

Na la tatu, lililokuwa zito kuliko yote, lilikuwa maneno.

Shahidi wa kwanza wa maneno hayo alikuwa Hezekiah, dereva wa nyumba aliyofanyia kazi Mbithi. Alikuja amechana nywele vizuri, akajibu kila swali kabla halijamalizika. "Mbithi alisema ni Kilonzo amemuua," alitangaza, na watu wa nyuma wakaguna.

Wakili wa Kilonzo alikuwa mtu mrefu aitwaye Waweru. Akasimama. "Bwana Hezekiah, ulimsikia Mbithi akisema hivyo?"

"Alisema."

"Nauliza kama masikio yako yalisikia."

Hezekiah akajikuna shingo. "Mimi nilikuwa naosha gari upande wa mbele. Nzula ndiye aliniambia. Nzula alimsikia."

Jaji akaweka kalamu chini. Akawaeleza wazee wa baraza, polepole, kwamba hayo wayatoe kabisa kichwani. Kama kuna mtu aliyesikia, na mtu huyo yu hai, basi aje yeye mwenyewe aapishwe na aulizwe. Maneno ya kuambiwa hayawezi kuulizwa maswali.

Lornah akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu. Alikuwa anaona shada la maua likining'inia kwenye kufuli.

Jioni hiyo Ngara ilimsubiri. Wateja waliokuwa hawana hata uzi wa kushonesha walikuja kukaa kwenye benchi lake. "Enyewe Mama Becky, tuambie kidogo tu. Huyo jamaa ni yeye ama si yeye?"

"Mvua inakuja," alisema Lornah, akakanyaga cherehani.

"Mvua gani na jua ndio hili?"

Akashona sketi tatu bila kuinua macho. Mmoja wa wateja alimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Asubuhi ya pili Nzula aliitwa. Kabla hajafungua mdomo, Waweru alipinga. Jaji akawatoa wazee wa baraza wangoje katika chumba kidogo wakati mawakili wakibishana kuhusu sheria. Chumba kilikuwa na meza, viti vitatu na dirisha la kutazama ukuta. Karani akawaletea chai.

"Wanabishana nini sasa?" Oyoo aliuliza. "Si huyu mama alisikia mwenyewe?"

"Alimsikia Mbithi," Mbuthia akasema, "lakini Mbithi hayuko. Huyo wakili anataka maneno yasiingie kwa sababu aliyeyasema hawezi kuulizwa." Akakunja mikono. "Ni haki gani hiyo? Mtu amepigwa, ana dakika mbili za kuishi, anatumia pumzi yake ya mwisho kutaja aliyempiga, halafu tumfunge mdomo? Basi muuaji akihakikisha amekuua kabisa, ameshinda kesi."

"Ni kweli, mzee," Oyoo alisema. "Samahani, lakini mimi nikishtakiwa, nitamuuliza nani? Mtu hai nitamwuliza, 'Ulikuwa umesimama wapi? Kulikuwa na mwanga? Tuligombana?' Kaburi nitaliuliza nini?"

"Mtu anayekufa hadanganyi."

"Anaweza kukosea. Mimi fundi nikiumwa kichwa tu, naunga waya mwekundu mahali pa wa bluu."

Wakamgeukia Lornah. Alimwelewa Mbuthia, kwa sababu alisema kweli. Hata yeye Lornah angekufa na jina mdomoni, angetaka mtu alipeleke jina hilo mahali linapostahili. Lakini alijua pia neno linavyoweza kutoka mdomoni likiwa mgonjwa na kufika nyumba ya tatu likiwa maiti.

"Mimi naona yaingie," alisema hatimaye. "Lakini yakiingia, tuyashike kama kitambaa cha hariri. Ukivuta kidogo tu, yamekwenda upande."

Jaji akaamua vivyo hivyo, ingawa kwa maneno ya kisheria. Walipoitwa tena ndani aliwaambia kwamba sheria inayakubali maneno ya marehemu kuhusu kifo chake, kwa kuwa yeye hawezi tena kuja kuyasema. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa hawezi kuja, wanatakiwa kuyapima kwa uangalifu mkubwa.

Nzula akapanda kizimbani. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini, mfanyakazi wa nyumba ile, amefunga leso nyeupe kichwani. Kiongozi wa mashtaka akamwongoza vizuri. Alikuwa jikoni akikatakata mboga, akasikia kishindo, akatoka. Akamkuta Mbithi chini.

"Alisema nini?"

"Alisema Kilonzo."

"Alilitaja jina la Kilonzo mara ngapi?"

"Mara tatu. Halafu akanyamaza."

Kiongozi wa mashtaka akakaa, ameridhika. Waweru akauliza maswali mengi: kuhusu giza, kuhusu umbali wa jikoni, kuhusu ule ugomvi wa mpira wa maji. Nzula akajibu yote kwa unyoofu. Ndiyo, kulikuwa na mwanga kidogo. Ndiyo, ule ugomvi uliisha siku iliyofuata, na Jumapili yake wawili hao walikula pamoja. Lakini kila Waweru alipolirudia lile neno, jibu lilikuwa moja: alisema Kilonzo. Waweru akakaa, na Lornah akaona mabega yake yameshuka.

Jaji akageuka. "Wazee wa baraza, mna swali kwa shahidi?"

Mbuthia akatikisa kichwa. Oyoo akaomba radhi kwamba hana. Lornah alikuwa akimtazama Nzula tangu mwanzo, kama anavyomtazama mteja anayesema kiuno ni inchi thelathini huku kanda ikisema vingine. Si kwamba mwanamke huyu alidanganya. Ni kwamba kila mtu alimwuliza *nini*.

Akasimama. Viatu vipya havikupiga kelele.

"Mheshimiwa, naomba kumwuliza dada hivi: Mbithi alilisemaje hilo jina?"

"Fafanua," jaji alisema.

"Dada Nzula, mimi nina mtoto anaitwa Becky. Ukiniuliza ni nani amevunja kikombe, nitasema, 'Becky.' Lakini nikianguka bafuni, nitasema, 'Beeecky! Becky wee!' Jina ni moja, lakini si neno moja. Sasa wewe usituambie alisema nini. Tusemee kama alivyosema yeye."

Nzula akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Akafumba macho, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa dhaifu, imevutwa mwishoni, kama ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

"Kilonzooo... Kilonzo... we Kilonzooo..."

Akafumbua macho. Na kila aliyekuwamo aliona uso wake ukibadilika.

"Alikuwa anaita," Nzula alinong'ona. "Mungu wangu. Alikuwa ananiangalia mimi, halafu anaangalia upande wa geti, anamwita. Wote walikuwa wananiuliza alimtaja nani, nami nikawaambia. Hakuna mtu aliniuliza kama anaita!"

Kizimbani kwa mshtakiwa kulisikika sauti. Kilonzo, ambaye siku zote mbili alikaa kama mti, alikuwa ameinama akilia kwa kwikwi. Askari aliyekuwa karibu naye akamwekea mkono mgongoni, kisha akauondoa haraka, akakumbuka yuko kazini.

Kiongozi wa mashtaka alisimama. "Shahidi, inawezekana pia alikuwa anataja?"

"Inawezekana," Nzula alisema. Alikuwa mtu mkweli mpaka mwisho. "Siwezi kuingia moyoni mwake. Lakini mimi nimeitwa maisha yangu yote, bwana. Najua kuitwa kulivyo."

Siku mbili baadaye Kilonzo alijitetea. Alisema jioni ile alikuwa amekwenda kibandani kununua kadi ya simu, kwa sababu Mbithi alitaka kumpigia mamake Mwingi na yeye Kilonzo ndiye aliyekuwa na simu. Mwenye kibanda akaja akathibitisha. Jaji akawafupishia wazee wa baraza ushahidi wote, kisha akawauliza maoni, mmoja mmoja.

Oyoo alisema hana hatia, na kwa mara ya kwanza hakuomba radhi.

Mbuthia akasimama, akarekebisha tai. "Mheshimiwa, mimi bado naona ana hatia. Jina lake ndilo lililotajwa, na getini hakuwepo. Huenda nimekosea. Lakini nimemfikiria huyo Mbithi wiki nzima, na naogopa kumwacha peke yake." Lornah hakukubaliana naye hata kidogo, na papo hapo akampenda mzee huyo kuliko siku zote.

Zamu yake ikafika.

"Hana hatia, Mheshimiwa. Na nashukuru maneno ya Mbithi yaliingia humu. Yangefungiwa nje, huyu kijana labda angeachiliwa, lakini angetembea na lile jina mgongoni mpaka azeeke. Kila mtu Muthangari angesema, marehemu alimtaja. Yalihitaji kuingia, halafu yaulizwe. Aliyekufa hakuweza kuulizwa, lakini aliyemsikia aliweza."

Jaji aliandika kwa muda. Akasema hukumu yake ataitoa baada ya wiki mbili.

Wiki mbili hizo zilikuwa ndefu kuliko mimba ya Becky. Nashon alianza kuzoea nyumba yenye utulivu, akakiri kwamba haimpendezi. "Sema hata uongo," alimsihi mkewe siku moja wakila. "Sema jirani amenunua tembo."

Siku ya hukumu Lornah alikwenda na kukaa nyuma, kwenye mabenchi ya watu wote. Jaji alisoma kurasa nyingi. Alisema ule ugomvi ulikwisha. Alisema baiskeli na mtungi wa gesi viliibwa na mtu, na hakuna aliyemtafuta mtu huyo. Alisema maneno ya marehemu yalikuwa jina tu, bila kitendo, na kwamba namna yalivyotamkwa ilielekea zaidi kuwa wito wa msaada kuliko shtaka. Shaka ilikuwepo, na shaka ni ya mshtakiwa. Kilonzo akaachiliwa.

Nje, kwenye ngazi, Oyoo alikuwa anangoja. Aliwapeleka wote kwenye mkahawa mmoja wa karibu: Lornah, Kilonzo, na Nzula aliyekuja akasimama kando kwa haya. Hata Mbuthia akatokea, amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Kijana," alimwambia Kilonzo, "mimi nilisema una hatia. Nimeona nije nikwambie mwenyewe, usije ukaambiwa na watu."

Kilonzo akavuta kiti. "Keti, mzee. Kama ningekuwa sijijui, hata mimi ningejishuku."

Wakacheka, Mbuthia akaketi. Kilonzo alikula ugali na matumbo, akaongeza, akaongeza tena, mpaka mhudumu akauliza kama huyu ametoka jeshini. Lornah alizungumza bila kupumzika. Wiki tatu za maneno zilimtoka kwa mfululizo, tangu pini nne mpaka homa ya kwenye benchi, na Oyoo alicheka mpaka meza ikatetemeka.

Kilonzo alipomaliza kunawa, akarudi mezani.

"Mama yake Mbithi hajamsalimu mama yangu tangu siku ile," alisema. "Wanachota maji kisima kimoja, na hawasalimiani. Naenda nyumbani Jumamosi."

"Utamwambia," Lornah alisema. "Utamwambia mtoto wake alikuwa anakuita wewe."

Kilonzo alitikisa kichwa. "Mimi nikimwambia, itakuwa maneno ya kuambiwa, tena yametoka kwangu mimi. Atayaaminije?" Akamgeukia Nzula, akaiona ile leso nyeupe imeinama juu ya sahani. "Dada, wewe ndiye uliyesikia. Twende pamoja. Umwambie kwa mdomo wako, vile alivyoita."

Nzula alipangusa macho kwa ncha ya leso. Aliuliza gari la kwenda Mwingi linaondoka saa ngapi asubuhi, na kama huko kuna baridi.